Jinsi ya kulinganisha ofa za kadi ya krediti Marekani mpaka upate inayokufaa wewe

Ukishakaa Marekani miezi kadhaa, ukawa na anwani, kazi na akaunti ya benki, bahasha zinaanza kuingia. Umechaguliwa, chukua bonasi ya dola 200, riba sifuri mpaka mwakani, na ndani kuna picha ya kadi imeshaandikwa jina lako kabisa. Watu wetu wengi wanachagua kwa njia mbili, ama wanachukua ile ya kwanza kufika, ama wanachukua aliyonayo shemeji. Zote mbili ni mbovu, kwa sababu kadi inayomfaa shemeji mwenye skoa (alama za krediti) ya 760 anayenunua kila kitu supamaketi ya Kroger inaweza ikawa hasara kwako wewe unayenunua chakula Walmart na kwenye duka la Wasomali. Jibu liko kwenye matumizi yako mwenyewe na kwenye jedwali la gharama ambalo sheria inailazimisha benki ikuwekee. Kalamu, karatasi na jioni moja vinatosha, twende taratibu.

Hatua ya 1: Amua kwanza kama utakuwa unalipa deni lote kila mwezi

Hili ndo swali linaloamua kila kitu kinachofuata, kwa hiyo usilijibu haraka. Kadi ya krediti ina namba inaitwa APR, hiyo ni riba ya mwaka, na kwa kadi nyingi za sasa iko juu ya 20%. Ila ukilipa deni lote la stetimenti (karatasi ya hesabu ya mwezi) kabla ya tarehe ya mwisho haulipi riba hata senti kwenye manunuzi, na benki inatakiwa ikutumie hiyo stetimenti angalau siku 21 kabla ya tarehe ya kulipa. Ukibakiza kidogo tu, riba inaanza kuhesabiwa kila siku, na ule muda wa kutolipa riba unaupoteza hata kwa manunuzi mapya mpaka usafishe tena.

Chukua deni la dola 2,000 kwa APR ya 24%. Mwezi wa kwanza riba ni kama dola 40. Kiwango cha chini cha kulipa kwenye kadi nyingi ni 1% ya deni ukijumlisha riba, yaani kama dola 60, kwa hiyo ukilipa hizo 60 ukajiona umelipa, deni limeshuka dola 20 tu. Sasa mtu wa namna hii akianza kulinganisha keshibeki (hela unayorudishiwa ukinunua) ya 1.5% na 2% anapoteza muda wake, riba inakula mara kumi ya hiyo keshibeki.

Kwa hiyo kama unajua kuna miezi utabakiza deni (kazi za masaa zinapungua, nyumbani kuna msiba, gari limekufa, maisha ni maisha), tafuta kadi yenye APR ndogo na sahau zawadi. Nenda kwenye credit union (vyama vya akiba na mikopo) za mtaani kwako, zile zilizosajiliwa na serikali kuu kwa sasa haziruhusiwi kuvuka 18%, na hii habari watu wetu wengi hawana kabisa. Kama utalipa yote kila mwezi bila kukosa, APR haikuhusu sana, na hapo ndo unaweza kuanza kuwinda zawadi. Kwa ndugu zetu Waislamu wanaokwepa riba hili ni la msingi zaidi, na kama kusaini tu mkataba wenye kipengele cha riba kunakusumbua moyo, muulize shehe unayemwamini kabla ya kuomba. Kadi ya debiti itakutosha kwa mambo mengi, japo haikujengei krediti.

Hatua ya 2: Jua unasimama wapi

Skoa ya FICO, yaani alama za jinsi unavyobeba na kulipa madeni, inaanzia 300 mpaka 850, na kuanzia 670 wanakuhesabu uko vizuri. Ripoti zako za krediti za kampuni tatu (Equifax, Experian na TransUnion) unaziona bure kila wiki kwenye AnnualCreditReport.com. Usilipie mtu yeyote kwa ajili ya hilo. Zisome uone kama kuna deni lisilo lako, maana majina yetu yanachanganywa sana, Mohamed na Mohammed, jina la baba kuwekwa mahali pa ukoo, na kosa la hivyo unaweza kulipinga bure kwa kampuni husika.

Kama ni mgeni huna krediti kabisa, hizo ofa kubwa za kwenye matangazo bado hazikuhusu na usiziombe. Wako wanaojaribu tano kwa siku moja, zote zinakataliwa, na kila ombi linabaki kwenye ripoti miaka 2. Anza na kadi ya dhamana, unaweka depoziti, mara nyingi dola 200, na hiyo inakuwa limiti yako (kiwango cha juu cha kutumia), unaitumia kama kadi ya kawaida na baadaye depoziti inarudi. Capital One na Discover wanazo za hivyo bila ada ya mwaka. Kama huna SSN (namba ya Social Security) ila una ITIN (namba ya kodi ya wasio na SSN), Capital One ni mmojawapo anayepokea. Njia nyingine ni ndugu unayemwamini, mwenye rekodi safi, akuongeze kwenye kadi yake kama mtumiaji wa ziada, historia ya ile kadi inaingia kwenye ripoti yako, ila akichelewa kulipa na hilo linaweza kuingia pia, kwa hiyo mchague kwa akili. Chini ya miaka 21 sheria inataka uonyeshe kipato chako mwenyewe au uwe na mdhamini, hii ni kutokana na sheria ya kadi ya 2009.

Hapa kuna kitu naomba mkisome mara mbili. Wageni na watu wenye skoa ya chini wanatumiwa ofa za kadi zisizo na depoziti ila zimejaa ada: ada ya kufungua, ada ya mwaka, halafu mwaka wa pili ada ya kila mwezi. Sheria inaruhusu ada za mwaka wa kwanza zifike 25% ya limiti, kwa hiyo unaweza kupewa kadi ya limiti dola 300 ukakuta dola 75 zimeshaliwa kabla hujanunua hata maziwa. Afadhali mara mia ufunge dola 200 zako kwenye kadi ya dhamana, zile zinarudi, hizi 75 hazirudi.

Hatua ya 3: Soma jedwali, acha bahasha

Kila ofa, ya karatasi au ya mtandaoni, lazima iwe na jedwali la viwango na ada, Wamarekani wanaliita sanduku la Schumer kwa jina la mwanasiasa Charles Schumer aliyeisukuma sheria yake miaka ya 80. Mtandaoni limejificha kwenye linki ndogo chini ya kitufe cha kuomba. Fungua jedwali la kila ofa, chora karatasi yako, ofa tatu zikae pembeni kwa pembeni, uandike hivi:

APR ya manunuzi. Mara nyingi wanaandika kama 19% mpaka 29%, na utajua yako ukishakubaliwa. Mgeni ajihesabie ile ya juu.

Ada ya mwaka. Angalia kama mwaka wa kwanza ni bure halafu inaanza, hiyo ndo inawakamata watu.

Ada ya manunuzi ya nje ya nchi. Ama hakuna, ama ni 3% hivi.

Ada na APR ya kuchukua pesa taslimu. Kawaida ni 5% au dola 10, ile iliyo kubwa kati ya hizo, na riba inaanza siku ileile, hakuna siku za bure. Nitairudia mbele maana inatugusa sisi moja kwa moja.

Ada ya kuhamisha deni kutoka kadi moja kwenda nyingine, kawaida 3% mpaka 5%. Na ada ya kuchelewa.

Ukimaliza hiyo karatasi, ofa moja kati ya tatu kwa kawaida inajitoa yenyewe. Tovuti za kulinganisha kama NerdWallet na Bankrate zinasaidia kupata majina, zitumie, ila jua kwamba mabenki mengi yanazilipa ukiombea kadi kupitia kwao, kwa hiyo iliyowekwa juu ya orodha sio lazima iwe bora kwako, na kadi ya credit union ya mtaani unaweza usiione kabisa.

Hatua ya 4: Piga hesabu kwa matumizi yako, sio ya kwenye tangazo

Toa stetimenti za benki za miezi mitatu, gawanya matumizi: chakula, mafuta ya gari, mengine yote. Kodi ya nyumba iache nje, mitandao mingi ya kulipia kodi inakata karibu 3% ukitumia kadi, hakuna zawadi inayofidia hapo. Halafu andika umenunua DUKA GANI, hilo la duka ndo siri yenyewe.

Tuchukue familia inayotumia kwa mwezi dola 600 za chakula, 200 za mafuta, 500 za mengineyo. Kwa mwaka ni 7,200, 2,400 na 6,000. Tulinganishe kadi tatu zinazotangazwa sana. Wells Fargo Active Cash inatoa 2% kwa kila kitu, haina ada ya mwaka. Blue Cash Everyday ya American Express inatoa 3% supamaketi (mpaka dola 6,000 kwa mwaka, zaidi ya hapo 1%), 3% mafuta, 1% kwa mengi ya mengineyo, haina ada. Blue Cash Preferred, kaka yake mkubwa, inatoa 6% supamaketi kwa kikomo hichohicho cha 6,000, 3% mafuta, 1% kwa mengi ya mengineyo, na ada ni dola 95 kwa mwaka. Ofa zinabadilika, kwa hiyo hakikisha namba kwenye jedwali la siku unayoomba.

Kama chakula chote kinanunuliwa supamaketi za kawaida kama Kroger au Safeway, Active Cash inarudisha dola 312 kwa mwaka. Everyday inarudisha 324. Preferred inarudisha 504, toa ada 95, zinabaki 409. Imeshinda wazi, na ukiishia hapo utaichukua.

Sasa ngoja. American Express wanapoandika supamaketi hawahesabu Walmart, Target wala Costco. Kila duka limesajiliwa kwenye mtandao wa kadi kwa namba ya aina ya biashara, na lile duka la Mkongo unaponunua fufu na samaki wakavu, au bucha ya halali, linaweza kuwa limesajiliwa kama kitu kingine kabisa. Familia ileile, chakula kilekile cha 600, ila supamaketi ya kawaida wananunua 200 tu na 400 inaenda Walmart na maduka ya kwetu. Hesabu inageuka: Active Cash ni 312 vilevile, haijali duka. Everyday inashuka mpaka 252. Preferred inakuwa 324, toa 95, inabaki 229. Aliyekuwa wa kwanza kawa wa mwisho, na familia haijabadilisha hata senti ya matumizi, ni maduka tu yamebadilika. Na kama nyie ni watu wa Costco ni mbaya zaidi, kwenye maduka yao hapa Marekani kadi ya krediti wanayopokea ni Visa peke yake, American Express hautaweza hata kuitumia pale.

Ndo maana nasema usichukue kadi ya shemeji. Kama hujui duka lako limesajiliwa vipi, angalia kwenye apu ya kadi uliyonayo sasa au ya ndugu yako, wengi wanaonyesha aina ya biashara kwenye kila muamala. Na kama mambo ya kufuatilia maduka yanakuchosha au mnatumia kadi watu wawili nyumbani, chukua ya 2% kwa kila kitu bila ada ya mwaka usonge mbele. Kwa maoni yangu familia zetu nyingi zinafaidika zaidi na kadi hiyo rahisi kuliko hizi za asilimia kubwa zenye masharti.

Hatua ya 5: Bonasi na zile riba sifuri

Bonasi ni hela halali, usiidharau, dola 200 baada ya kutumia dola 500 ndani ya miezi 3 ni ofa ya kawaida kwa kadi zisizo na ada, na hizo 500 ungetumia tu kwenye chakula na mafuta. Zile za kukutaka utumie dola 4,000 ndani ya miezi 3 waachie wenye matumizi hayo tayari. Ukianza kununua televisheni ili ufikie bonasi umeshashindwa. Kwenye kulinganisha, bonasi ihesabu mwaka wa kwanza peke yake, halafu tazama mwaka wa pili bila bonasi na ukiwa na ada, uone kama kadi bado ina maana.

Riba sifuri ipo ya aina mbili zinazofanana kwa macho na ni tofauti kabisa. Ya kwanza ni ya kadi za benki, labda miezi 15, muda ukiisha riba inaanza kwa deni lililobaki tu. Hii inamfaa sana mtu mwenye deni la zamani. Mfano una dola 3,000 kwenye kadi ya 25%, riba yake ni kama dola 62 kila mwezi. Ukihamishia kwenye kadi ya sifuri kwa ada ya 3% unalipa dola 90 mara moja, deni linakuwa 3,090, ukigawanya kwa miezi 15 ni dola 206 kwa mwezi na umemaliza. Ila kagua kama sifuri ni ya kuhamisha deni, ya manunuzi, au yote mawili, na usinunue vitu vipya kwenye hiyo kadi.

Ya pili ni ya maduka ya fanicha, elektroniki, hata madaktari wa meno. Wanakwambia hakuna riba kama utamaliza deni lote ndani ya miezi 12. Hapo riba inahesabiwa kimyakimya tangu siku ya kwanza, na ukifika mwezi wa 12 umebakiza hata dola 40, wanakutwisha riba yote iliyojikusanya mwaka mzima tangu siku ya kwanza, na APR za kadi za maduka nyingi ziko karibu 30% au zaidi. Kwenye karatasi tafuta maneno "if paid in full" (ukilipa deni lote) na "deferred interest" (riba iliyoahirishwa). Ukiyaona na huna uhakika wa kumaliza, weka chini kalamu, hata kama yule muuzaji ni mkarimu namna gani.

Hatua ya 6: Mambo yetu, kutuma hela na kwenda nyumbani

Apu za kutuma hela zinazokubali kadi ya krediti zinavutia pale mama anapopiga simu na akaunti imekauka. Tatizo benki nyingi zinauhesabu muamala huo kama kuchukua pesa taslimu. Ukituma dola 300, ada ya 5% ni dola 15, juu yake riba ya siku ileile ambayo kwa kawaida iko juu kuliko ya manunuzi, na bado hujahesabu ada ya apu yenyewe, na keshibeki hupati. Tuma kwa debiti au moja kwa moja kutoka akaunti ya benki, hakuna kadi ya krediti ya kulinganisha hapo.

Kama unaenda Nairobi, Dar au Kampala kila baada ya mwaka au miwili, ada ya nje ya nchi iingize kwenye hesabu. Active Cash ninayoisifia hapo juu inakata 3%. Ukitumia dola 3,000 kule, unakatwa 90 unarudishiwa 60, umepoteza 30. Quicksilver ya Capital One inarudisha 1.5% tu ila haina ada hiyo, kwa matumizi hayohayo unapata 45, tofauti ni dola 75 kwa safari moja. Wengine wanakuwa na zote mbili, ya nyumbani na ya safari, zote bila ada ya mwaka, na huo ni mpango mzuri. Beba Visa au Mastercard, Discover na American Express kule kwetu nje ya mahoteli makubwa zinasumbua. Na mashine ikikuuliza ulipe kwa dola au kwa shilingi, chagua shilingi siku zote, kiwango cha kubadilishia wanachokuwekea kwenye dola kwa kawaida kinakuumiza.

Hatua ya 7: Kuomba

Ukishabaki na kadi moja au mbili, nenda kwenye tovuti ya benki yenyewe utumie kile kipimo cha kuangalia kama utakubaliwa, hakigusi skoa yako. Ile bahasha iliyosema umechaguliwa bado sio ahadi, wakikukagua vizuri wanaweza kukataa. Halafu omba moja tu. Kipato andika cha kweli, kwa mwaka, kabla ya kodi, na kama una miaka 21 kwenda juu unaruhusiwa kujumlisha kipato cha mume au mke ambacho kweli unaweza kukitumia, akina mama wengi wanaolea watoto nyumbani hawajui hili na wanaandika sifuri.

Wakikataa, sheria inawataka wakutumie barua yenye sababu. Isome, irekebishe hiyo sababu, subiri miezi sita hivi ndo ujaribu tena.

Wakikubali, siku ileile weka malipo ya otomatiki ya deni LOTE la stetimenti, sio kiwango cha chini. Historia ya malipo ni 35% ya skoa ya FICO, na kiasi unachodaiwa ni 30%, kwa hiyo jitahidi stetimenti ifunge ukiwa chini ya 30% ya limiti, kadi ya dola 500 isivuke 150.

Na kama bahasha zimekuchosha, zisimamishe kwenye OptOutPrescreen.com, ni bure. Kwa kadi yenye ada ya mwaka, weka alamu kwenye simu mwezi mmoja kabla ada ya mwaka wa pili haijakatwa, rudia hesabu ya hatua ya 4 kwa matumizi ya mwaka uliopita, na kama haijalipa, piga simu uwaombe wakubadilishie kwenye toleo lao lisilo na ada badala ya kuifunga, mara nyingi wanakubali, na akaunti yako inabaki na umri wake uleule.